Mfuko wa Kijani Juu ya Kisanduku

Kwa kauli ya Bi. Fang Su-o, muuza uji wa samaki, mambo yalikwenda hivi. Zilikuwa zimebaki siku mbili watu waende kufagia makaburi, mwanzoni mwa mwezi wa nne. Yeye alikuwa mlangoni pake, kichochoro cha Kisima cha Chumvi, anapara samaki. Akamwona fundi Teng anavuka na kisanduku cheusi cha runinga kwapani, bisibisi kaipachika sikioni kama seremala na penseli yake. Fundi akaingia kwa Bibi Pai, nyumba ya mkabala. Dirisha lilikuwa wazi, na Bi. Fang, ambaye anasema yeye si mtu wa kuchungulia, alimwona akikichomeka kisanduku kwenye runinga, akaweka juu yake mfuko wa kijani wa vitafunio vya mahindi, akasema, "Haya, mama, chaneli zote za dunia ni zako, na wenye nazo hawatajua." Tena tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliokigusa kisanduku kile. Hilo aliliapia mara tatu, na mara ya tatu aliapa kwa mungu wa hekalu la kichochoroni, mkono juu, magamba ya samaki yakimeta vidoleni.

Mpelelezi Kang Hsiu-yun aliyasoma maelezo hayo mara ya nne, akayafunga ndani ya jalada. Saa ya ukutani pale kituoni, mjini Tainan, ilionyesha saa saba na robo mchana.

"Saa kumi na moja jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka," Mkuu Lo alisema akiwa amesimama mlangoni na bilauri yake ya chai ya barafu. "Likishakwenda, tunafunga duka la Teng kwa lakiri na diski zake zote zinakwenda kusagwa. Una swali?"

"Moja, mkuu. Visanduku saba tumevichukua kichochoroni. Vyote alivifunga Teng, vyote vina programu ileile ya kuchezea video. Mbona vitano ndivyo vina chaneli za wizi, viwili havina?"

"Hao wawili walishindwa bei."

"Mmoja ni kinyozi, mwingine ni mtunza hekalu. Kinyozi ana pikipiki tatu."

"Kang, programu hii kila siku iko magazetini. Ni ya wezi."

"Sufuria haiulizwi kuku katoka wapi, mkuu."

Mkuu Lo alivuta chai kwa mrija mpaka barafu ikalia. "Saa kumi na moja," alirudia, akaenda zake.

Kang alishuka mahabusu. Teng Chin-huo, fundi wa miaka sitini na mmoja, alikuwa amekaa kitako anakinyoosha kijiti cha waya alichokiokota sijui wapi.

"Mzee Teng, kisanduku cha Bibi Pai umekifunga wewe?"

"Mimi."

"Na programu?"

"Mimi vilevile. Ni ya bure, binti. Wanaitunga watu wa dunia nzima na kuigawa bila kudai kitu. Ukiiweka inakuja tupu kama bakuli lililooshwa. Ukitia harusi ya mwanao, utaona harusi ya mwanao."

"Kwa Bibi Pai ulitia nini?"

"Michezo ya kuigiza ya hekaluni. Miaka thelathini nimeirekodi kwa kamera yangu, na kiongozi wa kundi la waigizaji alinipa barua ya ruhusa yenye muhuri wake mwekundu. Barua iko kwenye kopo la biskuti, dukani. Niliwaambia wenzako. Walichukua biskuti."

"Na mechi za mpira za kulipia? Na sinema ambazo hata kwenye majumba hazijafika?"

"Hizo kuna mtu katia."

"Nani?"

"Ningemjua ningekuwa hapa nakunywa chai yenu hii?" Akakisukuma kikombe. "Tazama tarehe, binti. Ile programu inaandika kila kitu kinapoingizwa."

Hilo Kang alikuwa amelitazama tangu juzi, likamponyoka. Visanduku vile vikichomolewa umeme husahau saa, na kila mwanakichochoro huchomoa kila kitu ngurumo zikianza. Kwa mujibu wa kisanduku cha Bibi Pai, chaneli za wizi ziliingia miaka hamsini iliyopita, kabla hata fundi Teng hajajua kushika bisibisi.

Alipopanda tena juu alimkuta Koplo Tu amepiga magoti mbele ya mashine ya kuchapia, anaisihi. Karatasi tatu zilikuwa zimekunjamana mdomoni mwake.

"Imekataa, afande, na jalada halijachapwa." Tu akanyanyua mfuko wa kijani uliokaa juu ya mashine, akaugeuza nyuma, akapiga kelele. "Si nilisema! Muda wake umeisha tangu Jumatatu! Nani mwenye zamu ya kununua?"

Katika kisiwa ulipo mji wa Tainan hakuna hospitali, benki wala kituo cha polisi kisicho na mfuko wa namna hiyo juu ya mashine zake. Lazima uwe wa kijani, ule wa ladha ya nazi, lazima uwe umejaa, na usiwe umepitwa na muda. Hapo mashine hukaa kwa adabu, kwa kuwa jina la vitafunio hivyo lenyewe maana yake ni "kaa kwa adabu". Waziri anacheka na fundi anacheka, lakini hakuna anayeuondoa.

Kang hakucheka. Alikuwa ameutazama ule mfuko mkononi mwa Tu, mahali pa tarehe.

"Funguo za chumba cha vielelezo," alisema.

"Mashine je?"

"Mashine itasubiri. Njoo."

Kanuni inasema kielelezo kichukuliwe kama kilivyokutwa, na vijana waliokwenda kupekua walikuwa watiifu mno. Kila kisanduku kilikuja na mfuko wake. Kang alivaa glavu, akavipanga vyote saba mezani, mifuko imelazwa kifudifudi. Alianza na cha kinyozi. Kwenye mfuko, kwa kalamu nene, kulikuwa na mwandiko wa mkono: *Umewekwa tarehe tatu mwezi wa nne. Ubadilishwe kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Teng.* Cha mtunza hekalu kilikuwa hivyohivyo, tarehe tu imepishana kwa siku moja.

Akaenda kwenye vile vitano. Cha kwanza hakina mwandiko. Cha pili hakina. Vyote vitano, mifuko mitupu ya maandishi, ila chapa ya kiwanda. Kang aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa meza.

"Koplo Tu, nisomee hapa."

"Kimetengenezwa tarehe kumi na nne mwezi wa sita."

"Na hapa?"

"Kumi na nne mwezi wa sita. Hapa pia. Hapa pia." Tu aliinua macho. "Afande, mifuko yote mitano imetoka katoni moja."

"Bi. Fang amemwona Teng akiweka mfuko mwezi wa nne, na tangu hapo hakuna aliyegusa. Mwezi wa nne mtu anapataje kitu kilichotengenezwa mwezi wa sita?"

"Labda awe na jini wa kumletea."

"Basi tukamtafute huyo jini."

Mkuu Lo aliwasikiliza akiwa amesimama, bilauri imeshaisha. Alisema mahindi ya kukaanga hayajawahi kusimama mahakamani. Akasema pia kwamba huenda Teng mwenyewe alirudi kuibadilisha.

"Angeiandika, mkuu. Mtu anayeandika mpaka mwezi wa kubadilisha hawezi kusahau mara tano mfululizo. Na kama alirudi, basi shahidi wetu wa pekee kaapa uongo mbele ya mungu."

Mkuu Lo alitazama saa. Ilikuwa saa nane na nusu. "Sijasema ndiyo," alisema. "Nimesema saa kumi na moja."

Bibi Pai alikuwa na miaka themanini na mbili, mgongo umenyooka kama mlingoti. Ujana wake wote aliumalizia jukwaani, kwenye michezo ya nyimbo inayochezwa viwanja vya mahekalu, ambako wanawake ndio huvaa ndevu na kuwa majemadari. Jirani zake walisema ni kiziwi, kwa hiyo polisi hawakumhoji. Kang alibisha hodi taratibu sana, kwa ukucha mmoja.

"Ingia, mlango haujafungwa!" sauti ikajibu papo hapo.

"Wanasema husikii, bibi."

"Sisikii ninachokichoka. Ukikaa mkabala na Fang miaka arobaini, nawe utakuwa kiziwi." Akamimina chai. "Mmenichukulia kisanduku changu. Mle mna mimi nina miaka hamsini na mbili, nimevaa bendera nne mgongoni, sauti inafika bandarini. Sasa nimebaki na hii ya kuitia paka. Kitarudi lini?"

"Ndiyo nimekuja kwa ajili hiyo. Nani alikuja kukigusa baada ya Mzee Teng?"

Bibi Pai akalichukua tena birika, akaanza kulipangusa.

Kang hakuuliza tena. Alikunywa chai yake, akatazama runinga iliyofunikwa kitambaa, akanywa tena. Paka alipita, akarudi. Bibi akaweka birika chini kwa kishindo.

"Nikisema, mtazidi kumbana Teng."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yule kijana alisema katumwa na Teng! Alikuja mwezi wa mizimu, mwezi wa nane, nakumbuka nilikuwa napanga sadaka mlangoni. Akasema, bibi, fundi Teng kanituma nikuongezee chaneli. Nikaona sasa nikimtaja, si ndiyo nimemtia Teng kitanzi? Nikanyamaza. Mtu aliyeniwekea sauti yangu miaka thelathini, nimuuze kwa kikombe cha chai ya polisi?"

"Alifanya nini huyo kijana?"

"Aliutoa mfuko, akachomeka kidude chake, na huku anasubiri akaufungua akaula! Mfuko wa mashine! Mbele ya macho yangu! Nikamwambia, wewe mtoto una wazimu, unataka kifaa kife? Akacheka. Lakini akatoka mbio, hakukawia, akarudi na mwingine. Hata yeye aliogopa kukiacha uchi."

Koplo Tu, aliyesimama karibu na mlango, alishindwa kuzuia kicheko. Kang alimtazama, kikakatika.

"Sura yake?"

"Macho yangu yana ukungu, mwanangu. Alivaa kofia ya pikipiki. Ila aliniachia namba. Alisema chaneli zikifa nimpigie, niongeze mwaka." Alinyoosha kidole kwenye jokofu. Kikaratasi kilikuwa kimebanwa kwa sumaku ya umbo la embe, mahali ambapo wapekuzi watatu walipita kwa bega.

Kang alikisoma, akamgeukia Tu. "Nyumbani una kisanduku kama hivi?"

Masikio ya Tu yakawa mekundu. "Ni halali, afande. Programu hiyohiyo, lakini ndani ni mwanangu anajifunza kutembea. Na picha za harusi. Nimeangalia sheria kabla ya kuiweka."

"Nani kakushtaki? Kilete. Na upitie dukani, ununue mfuko wa kijani."

Tu aliendesha pikipiki yake, akarudi kabla chai haijapoa. Walikichomeka. Mtoto mnene akatokea kwenye runinga, akapiga hatua mbili, akaanguka kwa makalio, Bibi Pai akapiga makofi. Kang akaizima, akaweka mfuko juu, akampa bibi simu.

"Mwambie polisi wamechukua chako, mjukuu kakununulia kingine, unataka chaneli leo hii. Utaweza?"

"Nimekufa jukwaani mara mia mbili na watu wakalia," Bibi Pai alisema. "Kudanganya simu kutanishinda?"

Akabonyeza namba. Wote wakangoja.

Simu ikaita. Iliita sikioni mwa bibi, na wakati huohuo ikaita ng'ambo ya kichochoro, wimbo wa kasi wenye filimbi, kutoka jikoni kwa Bi. Fang. Tu alifungua mdomo. Kang aliinua kidole. Bibi Pai hakupepesa hata kope. Mabega yake yalianguka, mgongo ukapinda, sauti ikawa ya kizee cha kuhurumiwa.

"Aloo, mwanangu? Mie bibi wa kisanduku... Wamekichukua, ndiyo... Mjukuu kaleta kipya, hamna kitu ndani, nakaa naangalia ukuta kama mfungwa... Sasa hivi? Mungu akuzidishie." Akakata simu, mgongo ukanyooka. "Anakuja. Mpumbavu, hata kofia nadhani hatavaa leo."

Kang na Tu wakaingia nyuma ya pazia la jikoni.

Kijana aliyekuja alikuwa na miaka kama thelathini, viatu vya kukanyagia maji, harufu ya tangawizi na samaki. Hakuhitaji kuambiwa runinga iko wapi. Akauondoa mfuko wa kijani, akauweka kando, akachomeka flashi kwenye tundu, akabonyeza rimoti huku akipiga mluzi. Dakika mbili, na kiwanja cha mpira kikajaa kioo kizima, nembo ya wenye chaneli ikiwaka kwenye kona.

"Hiyo hapo, bibi. Mambo yameiva."

"Teng kakutuma tena?"

"Si huyohuyo fundi wako? Hata akiwa ndani, kazi zake ziko mikononi mwangu."

"Basi mpe salamu," Kang alisema akitokea, "maana tutakukalisha pale alipokaa. Mpelelezi Kang. Jina lako?"

Yeh Po-kai, mpwa wa Bi. Fang, aliachia rimoti. Mkono ulikwenda kwenye flashi, ukaukuta wa Koplo Tu umeshafika.

"Mimi nimekuja kumsaidia kizee tu! Programu yenyewe ni ya bure, kila mtu anayo!"

"Programu haina shida. Hata koplo huyu anayo. Shida ni hicho ulichokitia ndani, na umekitia mbele ya polisi wawili. Mwezi wa nane ulikitia nyumba ngapi hapa kichochoroni?"

Yeh alitupia jicho mlango.

"Nitakusaidia. Tano. Kwa kinyozi na kwa mtunza hekalu ulishindwa kupita, kwa sababu hao hawamfungulii mtu mwingine zaidi ya Teng. Nyumba tano, mifuko mitano. Uliiondoa kwa nini?"

"Inaziba tundu la flashi," Yeh alisema, na alipomaliza kusema akaona alichokisema.

"Na wangu uliula!" Bibi Pai alidakia kutoka kitini. "Kiandike hicho, binti! Andika aliula!"

Kang alimwachia Tu pingu, akavuka kichochoro. Bi. Fang alikuwa nyuma ya sufuria yake, mwiko mkononi. Chini ya meza, kando ya ubani na karatasi za sadaka alizouzia watu mwezi wa mizimu, kulikuwa na katoni ya mifuko ya kijani.

"Nipe mmoja, shangazi."

"Chukua tu, binti. Ni mpya."

Kang aliugeuza. Kumi na nne, mwezi wa sita. Akauweka mezani katikati yao, chapa juu, kidole pembeni yake. Bi. Fang aliisoma. Kisha akatazama ng'ambo, mlangoni kwa Bibi Pai, akamwona mpwa wake anatoka na Tu nyuma yake. Mwiko ukazama wenyewe ndani ya uji.

"Nimemlea tangu ana miaka mitatu," alisema.

"Maelezo yako ya kwanza yana kiapo. Utatoa mengine leo."

"Nitatoa."

Ilipofika saa kumi na dakika arobaini, Kang alikuwa mbele ya Mkuu Lo na kopo la biskuti. Barua ya kundi, muhuri mwekundu. Flashi ya Yeh. Maelezo mapya ya Bi. Fang, kurasa mbili. Mifuko saba kwa safu mbili, miwili upande mmoja, mitano upande mwingine. Mkuu Lo alivitazama kwa zamu. Akachukua jalada la zamani, akafuta jina la Teng kwa mstari mmoja mnyoofu, akatia saini.

"Diski zake?"

"Asiziguse mtu," Mkuu Lo alisema. "Sufuria na kuku. Nimeelewa. Kamtoe."

Wakati gari la polisi linaingia Kisima cha Chumvi, gari la taka nalo lilikuwa linakuja kutoka upande wa pili na wimbo wake wa kinanda, na kichochoro chote kilikuwa nje, kila mtu na mfuko wake wa taka mkononi. Mlango ukafunguliwa, Teng akashuka, bisibisi sikioni. Alikuwa ameidai kabla ya kitu kingine chochote. Kinyozi alikuwa wa kwanza kupiga kelele. Mtunza hekalu akaangusha taka zake akakimbilia ndani, na mara fataki zikaanza kulipuka mlangoni mwa hekalu, moshi mwekundu ukatanda, watoto wakaziba masikio.

"Mwizi wa chaneli karudi!" kinyozi alifoka akimkumbatia. "Nilidhani watakusaga pamoja na diski!"

"Wangeanza na wewe, una mafuta zaidi."

Dirishani kwa Bibi Pai, runinga ilikuwa imegeuzwa ielekee nje. Teng aliingia na diski aliyoichukua dukani, akakichomeka kisanduku cha Tu ambacho Tu aliapa haondoki nacho leo, na kabla ya yote akachukua kalamu akaandika tarehe kwenye mfuko wa kijani. Kisha jemadari mwenye bendera nne mgongoni akajitokeza kwenye kioo, akapanua kifua, na sauti ikatoka, ikapita juu ya fataki, juu ya kinanda cha gari la taka. Watu walisimama na mifuko yao. Dereva wa gari la taka alipiga honi mara moja, akaona hakuna anayetupa, akazima wimbo wake naye akachungulia. Bibi Pai mzee alikaa chini ya yule jemadari, midomo yake ikimfuata neno kwa neno.

Kang, aliyekuwa amesimama kando ya meza ya uji, alihisi mtu anamshika mkono wa shati. Alikuwa Bi. Fang, macho yamevimba, mfuko wa magamba ya samaki umening'inia mkononi.

"Binti. Teng anajua aliyetia ni Po-kai. Hajui aliyemtaja yeye kwenu polisi ni nani. Nimemwona usoni, hajui." Akakaza kuushika mkono wa shati. "Miaka arobaini tunakula chungu kimoja. Nakuomba, usimwambie."

Kang alikuwa na jalada kwapani. Ukurasa wa tatu ulikuwa na viapo vitatu vya Bi. Fang. Upande wa pili wa kichochoro, Teng alikuwa amejichomoa kwenye kundi la watu, anakuja moja kwa moja kuelekea kwenye meza ya uji, anajipigapiga tumbo.

"Fang!" aliita kwa mbali. "Siku nne nakula wali wa polisi! Nipakulie bakuli kubwa, na samaki usimhurumie!"

"Usimwambie," Bi. Fang alinong'ona tena, akashika mwiko.